Projesteroni Inapopungua: Chanzo Kitafutwe Kabla ya Kidonge

Maganzo ni mji mdogo wa Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, kando ya barabara kuu iendayo Mwanza. Umekua ubavuni mwa mgodi wa almasi wa Mwadui, uliotokana na ugunduzi wa John Williamson mwaka 1940, na wakazi wake wengi huishi kwa uchimbaji mdogo, biashara, kilimo na ufugaji. Wapo pia wanaokwenda na kurudi katika machimbo ya dhahabu ya Kahama na Geita. Katika jamii ya namna hii suala la uzazi haliishii chumbani mwa wanandoa. Mahari imetolewa kwa ng'ombe, wakwe wanasubiri mjukuu, na mwaka wa pili ukipita bila mimba, jina la ugumba humwangukia mke kabla ya mume kupimwa.

Siku hizi mwanamke huyo huweza kupewa maelezo mapya: ana mvurugiko wa homoni, projesteroni yake iko chini. Maelezo hayohayo huweza kumfikia mama wa miaka 48 ambaye hedhi zake zimeanza kuruka miezi na kurudi kwa damu nyingi. Wote wawili hushauriwa kununua dawa ya kupandisha homoni. Maelezo hayo yanaweza kuwa ya kweli, lakini hayajakamilika. Mara nyingi projesteroni ndogo ni ishara ya jambo lililotangulia, na dawa inayopandisha namba bila kugusa chanzo huchelewesha tiba ambayo ingeokoa uzazi, na wakati mwingine maisha.

Kazi ya projesteroni mwilini

Kila mwezi, katika ovari ya mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, yai moja hukomaa ndani ya kifuko chake. Kifuko hupasuka, yai hutoka na kuingia katika mrija wa uzazi. Kifuko kilichobaki hakifi papo hapo: hugeuka kuwa tezi ndogo ya rangi ya manjano, iitwayo kitaalamu korpasi luteamu, nayo huishi kwa takriban siku 14. Tezi hii ya muda ndiyo kiwanda kikuu cha projesteroni.

Kabla ya yai kutoka, homoni ya estrojeni huwa imejenga utando wa ndani wa mfuko wa uzazi. Projesteroni huuandaa utando huo upokee mimba, hutuliza misuli ya mfuko wa uzazi na hupandisha joto la mwili kidogo, chini ya nyuzi moja ya Selsiasi. Mimba isipotunga, tezi hunyauka, projesteroni hushuka, na utando hutoka kama hedhi. Mimba ikitunga, tezi huendelea kufanya kazi hadi kondo la nyuma lichukue jukumu hilo, kati ya wiki ya 7 na ya 10 ya ujauzito.

Umuhimu wa tezi hiyo ulidhihirishwa mwaka 1929 na George Corner na Willard Allen wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani. Sungura wenye mimba walioondolewa tezi za manjano waliharibu mimba. Waliopewa dondoo la tezi hizo waliweza kuzihifadhi. Miaka 5 baadaye homoni yenyewe ilitenganishwa ikiwa safi. Tangu wakati huo imejulikana wazi kwamba bila projesteroni mimba haidumu. Hata hivyo, haifuati kwamba kila asiyepata mimba amekosa projesteroni.

Kwa nini hupungua

Kwa kuwa projesteroni hutokana na kifuko kilichotoa yai, sababu kubwa ya kupungua kwake ni yai kutotoka. Hapo swali la mhudumu hubadilika. Badala ya kuuliza jinsi ya kuipandisha, huuliza ni nini kimelizuia yai.

Sababu ni nyingi. Ovari zenye vifuko vingi huwafanya wanawake wengi wapate hedhi mara chache, pamoja na chunusi au nywele nyingi za usoni. Tezi dundumio ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi au chini ya kiasi, huvuruga mpangilio wa hedhi. Homoni ya prolaktini, inayochochea maziwa, huzuia yai kutoka; ndiyo maana mama anayenyonyesha mara kwa mara hukaa miezi mingi bila hedhi, na hilo si ugonjwa. Kupungua sana uzito, kunenepa kupita kiasi, kazi nzito isiyolingana na chakula, na msongo mkali wa mawazo nazo huweza kusimamisha upevushaji.

Sababu moja husahaulika mara nyingi, nayo ni sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi 3. Sindano hii huzuia yai kutoka, na athari yake huchelewa kuisha. Kwa wastani, wanawake hushika mimba takriban miezi 10 tangu sindano ya mwisho, na wengine huchukua zaidi ya mwaka. Haiharibu kizazi. Mwanamke aliyeiacha miezi 5 iliyopita, akapimwa na kukutwa na projesteroni ndogo, kwa kawaida anahitaji subira na maelezo mazuri kuliko vidonge.

Kipimo na siku yake

Projesteroni hupanda baada ya yai kutoka na hufikia kilele siku 7 hivi kabla ya hedhi inayofuata. Hiyo ndiyo siku ya kupima. Kwa mwanamke ambaye mzunguko wake ni wa siku 28, siku hiyo ni ya 21, kwa kuhesabu kuanzia siku ya kwanza ya kuona damu. Lakini mwenye mzunguko wa siku 35 hutoa yai karibu na siku ya 21 yenyewe. Akipimwa siku hiyo atakutwa na kiwango cha chini, ataambiwa ana upungufu, na ataanza dawa asiyoihitaji. Siku yake sahihi ni ya 28.

Kosa hili lina gharama. Kwa mkazi wa kijiji cha Kishapu, kupima homoni huweza kumaanisha safari hadi maabara kubwa ya Shinyanga mjini au Mwanza. Nauli na ada ya kipimo vimeliwa, na jibu lililorudi halina maana. Mhudumu wa zahanati anayemwandikia mwanamke tarehe sahihi kabla ya safari humfanyia kazi kubwa kuliko mashine yenyewe.

Jambo la pili ni vizio. Maabara nyingine huandika nanogramu kwa mililita, nyingine nanomoli kwa lita, na nanogramu 1 kwa mililita ni sawa na nanomoli 3 na kidogo kwa lita. Kiwango kinachozidi nanogramu 3 kwa mililita, yaani karibu nanomoli 10 kwa lita, huthibitisha kwamba yai limetoka. Namba isiyo na kizio isisomwe.

Jambo la tatu ni kwamba projesteroni hutolewa kwa mapigo. Katika siku moja huweza kushuka na kupanda mara kadhaa kwa mwanamke mzima wa afya. Kwa sababu hiyo kipimo kimoja hujibu swali moja tu, kama yai limetoka au la. Hakiwezi kupima ubora wa yai wala uwezo wa kuzaa. Chama cha Marekani cha Tiba ya Uzazi, katika waraka wake wa mwaka 2021, kilieleza kwamba upungufu wa projesteroni kwa mwanamke ambaye yai lake hutoka haujathibitishwa kuwa sababu inayojitegemea ya ugumba. Aidha, mwanamke anayepata hedhi kila baada ya siku 21 hadi 35 bila kuyumba, kwa kawaida yai lake hutoka hata kabla ya kupimwa.

Ugumba katika ukanda wa machimbo

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba mtu mzima 1 kati ya 6 hupitia tatizo la kutopata mtoto katika wakati fulani wa maisha yake. Ugumba hutajwa pale mimba inapokosekana kwa miezi 12 ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga. Kwa mwanamke aliyefikisha miaka 35, uchunguzi uanze baada ya miezi 6.

Afrika Mashariki ina sababu yake kubwa, nayo ni mirija iliyoziba kutokana na maambukizi. Kisonono na klamidia, yasipotibiwa, hupanda hadi kwenye mirija na kuacha makovu. Uavyaji mimba usio salama na maambukizi baada ya kujifungua hufanya vivyo hivyo. Machimbo, yenye watu wanaohamahama na wanandoa wanaoishi mbalimbali kwa miezi, yana hatari kubwa zaidi. Kanda ya Ziwa ina historia yake katika jambo hili. Kati ya 1991 na 1994, katika jamii 12 za Mkoa wa Mwanza, ambao wakati huo ulijumuisha Geita, watafiti walionyesha kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya vya kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI kwa takriban asilimia 40. Tiba hiyohiyo, ikitolewa mapema kwa mke na mume pamoja, huilinda mirija.

Shinyanga ya bara ina adui mwingine: kichocho cha mkojo, kinachopatikana katika malambo na madimbwi ya mvua. Mayai ya vimelea hujipenyeza si kwenye kibofu pekee bali pia kwenye mlango wa kizazi na mirija. Mwanamke hutokwa damu baada ya kujamiiana, hupata maumivu, na huweza kukosa mimba. Mhudumu anayetazama mlango wa kizazi na kuona mabaka yanayofanana na punje za mchanga asikimbilie kusema ni ugonjwa wa zinaa. Amuulize mama alikooga na alikochota maji utotoni.

Kwa mrija ulioziba, projesteroni haina la kufanya. Yai hutoka, homoni hupanda inavyotakiwa, lakini mbegu na yai havikutani. Vivyo hivyo kwa mume mwenye mbegu chache: mkewe hata akimeza vidonge mwaka mzima, mimba haitatunga. Upande wa mwanamume huchangia katika takriban nusu ya ndoa zenye tatizo hili, na kipimo cha mbegu ni cha bei nafuu kuliko mfululizo wa vipimo vya homoni. Kianze mapema.

Katika machimbo ya dhahabu, kazi ya wenza wote wawili iulizwe pia. Moshi wa zebaki wakati wa kuchoma dhahabu hudhuru neva na ubongo wa mtoto aliye tumboni. Mwanamke anayetafuta mimba, au aliye nayo, akae mbali na uchomaji huo, hata kama homoni zake zote ni za kawaida.

Mimba changa na damu

Mwanamke mwenye mimba ya wiki 7 anayetokwa damu, kisha akakutwa na projesteroni ndogo, huogopa kwamba upungufu ndio unaoitoa mimba. Mara nyingi mambo huenda kinyume chake: mimba imeshindwa kukua, mara nyingi kwa kasoro ya kromosomu, na ndipo homoni ikashuka.

Tafiti 2 kubwa zilizoongozwa kutoka Uingereza zimesaidia kulipima jambo hili. Ya kwanza, iliyochapishwa mwaka 2015, ilihusisha wanawake 836 walioharibu mimba mara kwa mara bila sababu kujulikana. Waliopewa projesteroni walijifungua watoto hai kwa asilimia 66, na waliopewa dawa isiyo na kitu kwa asilimia 63. Tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha faida. Ya pili, ya mwaka 2019, ilihusisha wanawake 4,153 waliotokwa damu katika mimba changa, na kwa ujumla matokeo yalikuwa asilimia 75 dhidi ya 72. Lakini miongoni mwa waliokuwa wanatokwa damu na waliwahi kuharibu mimba mara 3 au zaidi, waliojifungua watoto hai walikuwa asilimia 72 kwa wenye dawa na 57 kwa wasio nayo. Kwa msingi huo, tangu mwaka 2021 mwongozo wa Uingereza huelekeza projesteroni ya ukeni, miligramu 400 mara 2 kwa siku, kwa mwanamke anayetokwa damu, ambaye mimba yake imeonekana ndani ya mfuko wa uzazi na aliyewahi kuharibu mimba angalau mara moja. Mapigo ya moyo wa mtoto yakithibitishwa, dawa huendelea hadi wiki ya 16.

Sharti la mimba kuonekana ndani ya mfuko wa uzazi lina uzito mkubwa. Mimba iliyotunga nje, hasa kwenye mrija wenye makovu, nayo huleta damu kidogo na projesteroni ndogo. Anayepewa vidonge na kurudishwa nyumbani bila picha ya ultrasaundi anaweza kupasukwa mrija usiku, mbali na chumba cha upasuaji. Maumivu ya upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu, kuzimia au maumivu ya bega katika mimba changa ni dharura, na mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Kuelekea ukomo wa hedhi

Kwa kawaida hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Kabla ya hapo kuna kipindi cha mpito cha miaka kadhaa, na homoni inayotangulia kuyumba ni projesteroni. Yai hutoka mwezi huu, halitoki mwezi ujao. Ovari huendelea kutoa estrojeni, pengine kwa wingi kuliko zamani, lakini tezi ya manjano haipo. Utando wa mfuko wa uzazi hujengwa miezi 2 au 3 bila kuvunjwa, kisha hutoka kwa damu nzito yenye mabonge. Katika kipindi hiki huweza pia kuja joto la ghafla, jasho la usiku, usingizi wa mang'amung'amu na hasira za haraka.

Hapa dawa za jamii ya projesteroni zina kazi halali. Hutuliza utando, hupunguza damu na huzuia seli zisizidi kukua hadi kuelekea saratani. Hutolewa kwa vidonge au kwa kitanzi chenye homoni. Lakini zifuate uchunguzi. Damu nyingi kwa mwanamke wa miaka 48 inaweza kutokana na uvimbe wa faibroidi, na inaweza kutokana na saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Mama anayemeza vidonge vya homoni kwa miezi 8 huku damu ikipungua na kurudi, bila mtu kuutazama mlango wa kizazi wake, amepoteza miezi ambayo ugonjwa ungeweza kutibika. Kuuangalia mlango huo kwa spekulamu na kuupaka siki maalumu ya uchunguzi ni kazi inayowezekana katika kituo cha afya, na damu yake pia ipimwe, kwa kuwa upungufu wa damu wa miezi mingi humchosha hata kushindwa kazi.

Baada ya ukomo

Miezi 12 ikipita bila hedhi, ukomo umetimia. Kuanzia hapo projesteroni kuwa chini ni hali ya kawaida ya umri. Kuipima kwa mama wa miaka 55 hakuongezi lolote, na hakuna haja ya kuirudisha kwa sababu ya namba peke yake.

Anayesumbuliwa sana na joto la ghafla anaweza kusaidiwa kwa estrojeni, na hapo projesteroni hurudi ikiwa mlinzi. Mwaka 1975 tafiti za Marekani zilionyesha kwamba estrojeni peke yake huongeza saratani ya utando wa mfuko wa uzazi. Kwa hiyo mwenye mfuko wa uzazi hupewa zote mbili. Mwaka 2002 utafiti mwingine mkubwa wa nchi hiyo, wenye wanawake 16,608, ulisitishwa baada ya mchanganyiko wa estrojeni na dawa moja ya jamii ya projesteroni kuonekana kuongeza saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda. Uchambuzi wa baadaye umeonyesha kwamba faida huweza kuzidi madhara kwa walio chini ya miaka 60, au ambao hedhi yao imekoma kwa muda usiozidi miaka 10. Ni uamuzi wa daktari na mgonjwa wake, na haufai kufanyika kwenye kaunta ya duka.

Krimu zinazotangazwa kuwa na dondoo la kiazi kikuu nazo zina asili ya kweli iliyopotoshwa. Katika miaka ya 1940 mkemia Russell Marker alitengeneza projesteroni kutokana na viazi vikuu vya Mexico, lakini aliibadilisha kwa kemikali maabarani. Mwili wa binadamu hauna uwezo wa kufanya mabadiliko hayo, uwe umekila kiazi au umekipaka.

Damu yoyote baada ya ukomo, hata tone moja, si hedhi iliyorudi. Ichunguzwe.

Mpangilio wa kufuata

Mhudumu aanze na maswali: umri, tarehe za hedhi 6 zilizopita, njia za uzazi wa mpango, uzazi na mimba zilizoharibika, magonjwa ya zinaa, kichocho, na kazi ya wenza wote wawili. Apime mimba kabla ya dawa yoyote ya homoni. Autazame mlango wa kizazi. Amwite mume kwa heshima, na kipimo cha mbegu kifanyike pamoja na vipimo vya mke. Hedhi zikiwa na mpangilio, uchunguzi wa mirija utangulie mfululizo wa homoni. Hedhi zikiyumba, projesteroni ipimwe kwa tarehe iliyohesabiwa, pamoja na tezi dundumio na prolaktini. Yanayozidi uwezo wa kituo yapelekwe hospitali ya rufaa ya mkoa, au Bugando jijini Mwanza.

Mgonjwa naye ana sehemu yake, nayo haihitaji fedha. Aandike tarehe ya kwanza ya kila hedhi katika daftari au kalenda. Afike kliniki na mwenzake. Akiambiwa projesteroni yake iko chini, aulize maswali mawili: kipimo kilichukuliwa siku ya ngapi, na ni nini kimeishusha. Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoonyesha kama anahitaji homoni, dawa ya maambukizi, upasuaji, tiba ya mumewe, au muda tu wa kusubiri sindano iishe nguvu.